Ndege nyuki: Ufipa itoe watafiti, isiwe uwanja wa utafiti tu

(Yafuatayo ni maneno yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Chala, Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya nafasi za masomo ya shahada ya uzamivu katika elimu ya ndege nyuki, yaani vyombo viendavyo angani bila ya kuwa na rubani ndani yake. Bila shaka wapo watakaouliza: jambo hili lina uhusiano gani na Chala? Mwalimu wa hapa ana darasa kubwa na vifaa haba. Bwana shamba ana vijiji vingi na pikipiki moja. Shahada ya uzamivu ya ndege nyuki itamfaa nini? Swali hilo ni la haki, na nitalijibu. Lakini kabla ya kulijibu, yafaa tukumbuke jambo moja katika historia ya nyanda hizi.

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa mafundi wa chuma. Mabaki ya matanuru yao, yale yaitwayo malungu, yangali yakionekana katika sehemu nyingi za wilaya hii. Tanuru la namna hiyo lilikuwa refu kupita kimo cha mtu, nalo halikuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa chini na kupanda juu kwa nguvu ya moto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa baadaye katika tanuru dogo lililovukutwa kwa mikono. Fundi hakuwa na kipimajoto. Alitazama, akakadiria, kisha akaamua la kufanya. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakati chuma na majembe ya kutoka nje yalipozidi kuingia nchini. Jembe la dukani lilipatikana kwa urahisi zaidi, likanunuliwa. Hakuna wa kumlaumu mkulima aliyelinunua. Lakini pamoja na jembe la zamani ukaondoka pia ujuzi wa kulitengeneza.

Ujuzi huo ulipokuja kuchunguzwa upya, ulikuwa umekwisha kuwa kitu cha kufukuliwa ardhini. Mtanzania mwenzetu, Bertram Mapunda, aliyekuja kuwa profesa wa akiolojia, alifanya utafiti wa ufuaji chuma wa sehemu hizi na kupata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, mwaka 1995. Kwa hiyo basi, shahada ya uzamivu si mgeni katika Nkasi. Mada yake moja ilikuwa chini ya miguu yetu. Leo nasema kwamba mada nyingine iko juu ya vichwa vyetu, na tofauti ni kwamba hii ya sasa haijapotea bado. Ndiyo kwanza inaanza.

Sasa tuieleze elimu yenyewe. Ndege nyuki ina mambo matatu makubwa: kuhisi, kukadiria na kuongoza.

Kuhisi ni kazi ya vihisi. Ndani ya chombo mna kihisi cha mchapuko, kihisi cha mzunguko, kipima kanieneo la hewa, dira, kipokezi cha ishara za satelaiti, na mara nyingi kamera. Vihisi vya namna hiyo hiyo vimo katika simu nyingi za mkononi tulizo nazo. Simu ikilazwa juu ya meza bila kutikiswa, kihisi chake cha mchapuko huonyesha karibu 9.8, ile namba ya nguvu ya mvutano ambayo mwalimu wa fizikia huiandika ubaoni kila mwaka.

Kukadiria ndiko kugumu zaidi, kwa sababu kila kihisi husema uongo kidogo. Chukua mfano. Kihisi cha mchapuko kikikosea kwa sehemu moja tu ya mia ya mita kwa sekunde mraba, na chombo kikakitegemea peke yake, baada ya sekunde 10 kosa la mahali litakuwa nusu mita. Baada ya dakika moja litakuwa mita 18. Kipima kanieneo nacho hudanganywa na hali ya hewa: katika nyanda kama zetu kanieneo likishuka kwa milibari moja tu, chombo huona kwamba kimepanda karibu mita 10, hali hakikusogea. Ishara za satelaiti nazo zaweza kukosea kwa mita kadhaa. Ni lipi basi la kuaminiwa?

Mvuvi wa Kirando anayerudi usiku analijua jibu bila kulisoma kitabuni. Hujua amepiga makasia kwa muda gani, huhisi upepo unamsukuma upande upi, na huona taa moja ya pwani mbali. Hakuna hata dalili moja anayoiamini kabisa. Huzipima zote pamoja, ile iliyo thabiti akaipa uzito zaidi, na kila dalili mpya inapokuja husahihisha kisio lake la mwanzo. Mwaka 1960 mtaalamu mzaliwa wa Hungaria, Rudolf Kálmán, aliandika hesabu ya kufanya jambo hilo kwa utaratibu. Hesabu hiyo ilitumika katika safari za Apollo za kwenda mwezini, na leo imo ndani ya ndege nyuki ndogo unayoweza kuishika mkononi. Msingi wake ni hesabu ya matriki na ya uwezekano, ambazo mbegu zake hupandwa katika madarasa ya sekondari.

Jambo la tatu ni kuongoza. Chombo kikishakadiria mahali kilipo na jinsi kilivyoinama, lazima kiamue ni pangaboi lipi liongezwe mwendo na lipi lipunguzwe, mara nyingi kwa kila sekunde. Hapo tena Ufipa ina neno lake. Katika mwinuko wa mita 1,800, hewa ina uzani wa takriban asilimia 84 ya hewa ya usawa wa bahari. Ili kubeba mzigo ule ule, mapangaboi hayana budi kuzunguka upesi zaidi kwa karibu asilimia 9, na betri huisha mapema. Chombo kilichorekebishwa Dar es Salaam hakitaruka Chala vile vile. Atakayekirekebisha kwa hewa ya hapa lazima awe anakijua kwa ndani.

Ndugu zangu, Tanzania si mgeni wa vyombo hivi. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa ndege nyuki, Unguja na Pemba, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika kuzirusha na kutengeneza ramani. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth cha Uingereza pamoja na wataalamu wa malaria wa Zanzibar walichapisha taarifa ya kutumia ndege nyuki za bei nafuu kutafuta madimbwi yanayozaa mbu katika mashamba ya mpunga. Mwaka 2018 kampuni ya DHL, kampuni ya Wingcopter na shirika la GIZ, yote ya Kijerumani, yalifanya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe. Safari ya kilomita 60 ilichukua wastani wa dakika 40.

Majaribio hayo yote yalikuwa mazuri. Lakini tuyalinganishe. Ukerewe ilithibitishwa kwamba dawa zaweza kufika kwa njia ya anga. Muda wa majaribio ulipokwisha, haukufuata usafiri wa kudumu. Zanzibar vijana waliojifunza walibaki Zanzibar, na chuo chao kikabaki na ujuzi. Sisemi kwamba kila kitu Zanzibar kilikwenda sawa, wala kwamba Ukerewe palikuwa na kosa la mtu. Nasema tu kwamba majaribio huondoka na mwenye chombo, na ujuzi hukaa na mwenye kichwa. Nchi inayonunua chombo bila ya kuwa na watu wanaokielewa inakodi macho. Siku mwenye macho akiyataka, huyachukua.

Sasa tuje kwenye maswali ya hapa kwetu. Shahada ya uzamivu haianzi kwa mashine. Huanza kwa swali ambalo halijajibiwa. Na maswali, ndugu zangu, tunayo.

Swali la kwanza ni la nzige. Bonde la Rukwa limo miongoni mwa maeneo machache ya Afrika ambayo nzige wekundu huzaliana na kuanza kuenea. Balaa kubwa la miaka ya 1930 hadi 1944 lilikuwa na chanzo chake kimoja katika bonde hili, na mwaka 1949 shughuli ya kimataifa ya kuwadhibiti iliwekewa makao Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia. Siku hizi kazi hiyo ni ya Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu, lenye makao yake Ndola. Mwaka 2009 nzige walipozidi katika mbuga za Iku na Katavi, kandokando ya Ziwa Rukwa na katika bonde la Malagarasi, walidhibitiwa kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu. Siri ya kazi hiyo ni kuwaona mapema, wakiwa bado ni tunutu wasioweza kuruka. Helikopta huona mbali, lakini saa yake moja ni ya gharama kubwa. Je, kamera ya ndege nyuki yaweza kuwatambua tunutu ndani ya majani marefu? Ikiona sehemu ndogo tu ya mbuga, tutakadiriaje idadi ya wote, na kwa uhakika kiasi gani? Hilo ni swali kamili la shahada ya uzamivu.

Swali la pili ni la mahindi. Mkoa huu unalisha watu wengi zaidi ya wakazi wake. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuwaona. Programu nyingi za kusoma picha za mashamba zimefunzwa kwa mashamba makubwa ya zao moja yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka. Shamba la mkulima wetu ni dogo, lina mahindi na maharage pamoja, na pengine matuta ya mviringo ya kuozeshea majani ambayo Wafipa wamelima kwayo tangu zamani. Mashine iliyofunzwa kwingine italiona tuta letu kuwa ni kichuguu. Nani ataifundisha?

Swali la tatu ni la njia. Kutoka juu ya nyanda hizi hadi ufuko wa Ziwa Tanganyika ni mteremko wa takriban mita 1,000. Chombo kinachoshuka na dawa kwenda kijiji cha ziwani kitapita nyuma ya genge, kitapoteza mawasiliano na kituo chake, kitakutana na upepo unaopanda ukingoni, na kipima kanieneo chake kitasoma hewa ya namna mbili katika safari moja. Kukiwezesha kujua mahali kilipo katika hali hiyo si jambo dogo, nalo halina jibu la kununua dukani.

Mwenye maswali hayo aende wapi? Hapa nchini, shahada za uzamivu hutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa upande wa uhandisi na kompyuta. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa mambo ya mazao na wadudu. Na Chuo Kikuu Ardhi kwa upimaji na ramani. Karibu yetu zaidi, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina ndaki yake hapa hapa Rukwa. Nje ya nchi, yafaa ieleweke kwamba katika nchi kama Sweden, Norway na Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa: nafasi hutangazwa kama kazi, ina mshahara, na ina siku ya mwisho ya kuomba. Zipo pia fedha za ufadhili za Jumuiya ya Madola na za Ujerumani, na mradi wa serikali wa kuimarisha elimu ya juu, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao umekuwa ukisomesha wahadhiri wa vyuo vyetu.

Wanaochagua waombaji wa nafasi hizo hutazama mambo manne: msingi wa hesabu, uwezo wa kuandika programu za kompyuta, kazi iliyoandikwa vizuri katika shahada ya uzamili, na swali linaloonyesha kwamba mwombaji ameliishi tatizo lake. Katika hilo la nne, kijana wa Nkasi hana sababu ya kumwogopa mtu wa Zurich. Na katika lile la pili hana kizuizi kikubwa kama alivyokuwa nacho kaka yake. Programu za kuongozea ndege nyuki kama PX4 na ArduPilot ziko wazi. Mtu huzipata bila kulipa, huzisoma mstari kwa mstari, na huweza kurusha chombo cha kuigiza ndani ya kompyuta kabla hajagusa cha kweli. Ile PX4 ina chimbuko lake katika kazi iliyoanzishwa na mwanafunzi, Lorenz Meier, huko huko Zurich mwaka 2008.

Sasa narudi kwenye swali la haki nililoliahirisha. Je, si anasa kuzungumzia uzamivu mahali ambapo maabara ya sekondari haina vifaa? Jibu langu ni hili. Ingekuwa anasa kama tungetaka watu elfu. Hatuwataki elfu. Nchi ya watu zaidi ya milioni 61, kwa hesabu ya sensa ya 2022, inaweza kwenda mbali ikiwa na makumi machache ya watu wanaoijua kazi hii hadi mwisho. Lakini ikiwa haina hata hao, vyombo havitaacha kuja. Vitakuja tu. Mikataba itaandikwa, picha za mashamba yetu zitapigwa na kuhifadhiwa mahali tusipopajua, dawa zitanyunyizwa kwa hesabu tusizoweza kuzikagua. Na chombo kikianguka, tutaambiwa sababu na hatutakuwa na mtu wa kusema kwamba sababu hiyo si kweli. Huo ndio umaskini wa gharama kubwa.

Wapo watakaosema pia kwamba tukiwasomesha hawatarudi. Baadhi hawatarudi, ni kweli. Dawa si kuwazuia wasiende. Dawa ni kufunga swali la utafiti kwa kamba ya hapa, ili mtafiti alazimike kuja Rukwa kupima, na akija akute ofisi inayomfahamu, shamba la majaribio, kumbukumbu za kuanzia, na kazi ya kurudia.

Kwa hiyo basi, kila mmoja wetu ana sehemu yake.

Kwanza, walimu wa hesabu na fizikia. Njia ya uzamivu hukatwa kidato cha pili na cha tatu, mwanafunzi anapoacha fizikia kwa kuwa ameambiwa ni ngumu. Msiwaambie hivyo. Waonyesheni kihisi kilichomo katika simu. Wapeni lile kosa dogo walizidishe wenyewe mpaka waone mita 18. Na walimu wa kike mna kazi ya pekee: msichana akimwona mwanamke akilitatua swali ubaoni, hatahitaji hotuba.

Pili, walimu wa lugha. Mtafiti asiyeweza kuandika swali lake kwa kurasa mbili zilizo safi hapati nafasi, hata awe na hesabu za namna gani. Kuandika kwa ufupi na kwa ukweli ni kazi yenu.

Tatu, maofisa wa kilimo, mifugo na afya. Kumbukumbu zenu za mvua, za wadudu, za siku ambazo barabara ya ziwani haikupitika, ni mali ya utafiti. Daftari lililoandikwa kwa tarehe na mahali hasa, mwaka hata mwaka, lina thamani kuliko ndege nyuki nzima, kwa sababu ndege nyuki yaweza kununuliwa na miaka iliyopita haiwezi.

Nne, maofisa utumishi na viongozi wa idara. Mtumishi anayeomba ruhusa ya masomo ajibiwe kwa wakati. Nafasi ya Sweden haingoji barua iliyolala katika faili. Akirudi, asipangiwe kazi isiyohusiana na alichokisomea.

Tano, sote tuzijue sheria. Chombo hiki hakirushwi kiholela. Zipo kanuni za mwaka 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, zinazotaka kibali. Utafiti hufanywa kwa idhini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwananchi ambaye uwanja wa nyumba yake umepigwa picha. Ofisa wa kijiji anayejua haya atamlinda mwananchi, na hatamzuia mtafiti mwenye vibali vyake kwa hofu tu.

Ndugu zangu, hakuna hata moja katika haya matano linalongoja bajeti mpya. La kesho asubuhi ni hili: kila mwalimu wa sayansi aliyepo hapa amtafute mwanafunzi mmoja anayependa kuuliza kwa nini, ampe swali moja la Ufipa, na asimpe jibu.